Mlima hugawiwaje? Monasteri, vijiji na malisho ya Šar planina katika Serbia ya zama za kati

Msomaji mmoja ametuandikia hivi: "Nimesoma kwamba wafalme wa Serbia ya zama za kati walizipa monasteri vijiji, mashamba ya mizabibu na hata milima. Kijiji naelewa, maana kina watu na mashamba. Lakini mlima hugawiwaje? Je, wafugaji waliokuwa wakilisha huko walifukuzwa, au watawa ndio waliowapeleka? Na kabla ya hapo milima hiyo ilikuwa na watu, ama ilikuwa pori tupu?"

Nitaanza na neno, kwa sababu nusu ya jibu imo ndani yake. Katika hati za Kiserbia za karne ya 12 hadi ya 14, neno planina, ambalo leo hufasiriwa "mlima", mara nyingi halizungumzii mwamba wala kilele. Linazungumzia malisho ya majira ya joto, yaani lile eneo la nyasi lililo juu ya ukanda wa misitu, ambako theluji ikishayeyuka kondoo huweza kukaa miezi kadhaa kabla baridi haijawarudisha bondeni. Mfalme aliyeipa monasteri planina aliwapa watawa haki ya kulisha huko, haki ya kumtoza anayelisha, na haki ya kumzuia asiyeruhusiwa. Sheria ya Tsar (yaani mfalme mkuu) Stefan Dušan wa Serbia, iliyopitishwa Skopje mwaka 1349 na kuongezewa vifungu mwaka 1354, inaliweka jambo hili kwa maneno machache sana: milima ya tsar ni ya tsar, ya kanisa ni ya kanisa, ya makabaila ni ya makabaila. Msomaji wa leo anaweza kuona kwamba kifungu hicho hakisemi kitu. Mfugaji wa wakati ule kilimwambia mengi, kwani kilimjulisha kwamba popote atakapopandisha kundi lake, nyasi zina mwenyewe.

Mfano wa mapema ulio wazi ni hati ya mwaka 1198 ya Stefan Nemanja, aliyekuwa ameshaacha utawala na kuwa mtawa kwa jina la Simeoni, na ambaye pamoja na mwanawe Sava aliifufua monasteri ya Hilandar katika Mlima Athos huko Ugiriki. Hati inataja vijiji vya pande za Prizren, Velika Hoča yenye mizabibu ikiwa miongoni mwake. Inataja mizinga ya nyuki, inataja planina moja iitwayo Bogača, inataja Wavlahi 170, yaani wafugaji, walio chini ya waamuzi wawili, Rad na Đurđ, kisha farasi majike, na mwisho spudi 30 (kipimo cha wakati ule) za chumvi kutoka Zeta, nchi iliyopakana na bahari ya Adriatiki. Ukiisoma haraka utaiona kama rundo la zawadi zisizohusiana. Ukiisoma kwa jicho la mfugaji utaona kwamba hakuna kilichozidi. Malisho bila wachungaji hayazai kitu, ndiyo maana Wavlahi wametolewa pamoja na planina. Kondoo wanaokula nyasi za milimani huhitaji kulambishwa chumvi, na jibini nalo haliwezi kukaa hadi majira ya baridi bila chumvi, ilhali Serbia ya bara ilitegemea chumvi iliyotoka pwani kwa njia za milimani. Farasi ndio waliokuwa magari ya njia hizo. Mtu aliyeiandika hati hiyo, au aliyeisemesha, alijua vizuri jinsi mali inavyotembea kutoka ufukweni hadi kwenye zizi.

Sasa tuje Šar planina yenyewe, safu ya milima ambayo leo imegawanyika kati ya Kosovo, Makedonia Kaskazini na Albania, na ambayo vilele vyake virefu vinapita mita 2,500. Upande wa kaskazini-magharibi, chini kabisa, pana mji wa Prizren, uliokuwa miongoni mwa miji mikubwa ya biashara ya dola hiyo. Mto Bistrica hushuka kutoka milimani, hupita kwenye korongo jembamba, kisha huingia mjini. Ndani ya korongo hilo, mwendo mfupi tu kutoka Prizren, Dušan alijenga katika miaka ya 1340 monasteri ya Malaika Wakuu Watakatifu iliyokusudiwa kuwa kaburi lake. Juu yake, kwenye mwamba, ilikuwapo ngome ya Višegrad. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa uzuri wa mandhari pekee. Kila mnyama aliyepelekwa malishoni kupitia bonde hilo, na kila furushi la jibini au sufu lililoshuka kwenda sokoni kwa njia hiyo, lilipita chini ya kuta za watawa. Kupanda zaidi kulikuwa na mabonde yenye vijiji, kila bonde likihesabiwa kuwa župa, yaani wilaya ndogo: Sredska, Opolje, Gora, na ng'ambo ya vilima Sirinić. Hati ya Dušan kwa monasteri hiyo, ya mwaka 1348 hivi, inaorodhesha makumi ya vijiji pamoja na jamii za wafugaji wa Kivlahi na Kialbania, vingine vikiwa mbali sana na korongo hilo.

Tusidhani kwamba watu wote waliotajwa humo waliishi hali moja. Wakazi wa vijiji waliolima waliitwa meropsi. Hawakuwa watumwa, maana walikuwa na mashamba yao ya kurithishana na waliweza kwenda mahakamani, lakini hawakuruhusiwa kuhama. Sheria ya Dušan inampangia meropah (yaani mmoja wa meropsi) anayekaa kwenye ardhi ya bwana siku mbili za kazi kila juma, perper moja (fedha ya wakati ule) kwa mwaka kwa ajili ya tsar, siku moja ya kukata nyasi kwa pamoja na siku moja ya kazi ya mizabibu. Waliokuwa chini ya kanisa walifuata hati ya monasteri yao: walilima, walivuna, walikata na kubeba nyasi kavu za kulishia mifugo majira ya baridi. Naomba msomaji aitazame hiyo nyasi kavu kwa makini, kwa sababu watu wengi huona ufugaji wa milimani kama kazi ya wachungaji peke yao. Uwanda wa Prizren hauna baridi kali kama milima, lakini theluji huanguka, na ng'ombe wa kulimia na farasi wa monasteri hawakuishi kwa majani ya juu ya mlima mwezi Januari. Waliishi kwa shokoa ya mkulima aliyekata nyasi mwezi Julai.

Wafugaji ni kundi la pili, na hapa ndipo jina Wavlahi linapohitaji maelezo. Hapo mwanzo lilimaanisha watu waliozungumza lugha iliyotokana na Kilatini, mabaki ya wakazi wa Balkani waliokuwapo kabla ya Waslavi kufika karne ya 6 na ya 7. Majina ya milima ya Durmitor na Visitor, yaliyomo Montenegro ya leo, yana sauti hiyo ya Kilatini hadi sasa. Hata hivyo, kufikia karne ya 14 wengi wa Wavlahi walioandikwa katika hati wana majina ya Kislavi yasiyotofautiana na ya wakulima, huku machache tu kama Bun au Bukor yakionyesha asili nyingine. Kwa maoni yangu, neno hili katika hati linaeleza kwanza kazi na wajibu wa mtu, na asili yake baadaye. Lakini kusema kwamba asili haikuwa na maana yoyote, kama wanavyoandika baadhi ya watu, ni kupindukia upande wa pili. Kuna ushahidi unaozibana pande zote mbili. Hati za karne ya 14 zina amri kwamba Mserbia asioe kwa Wavlahi, na akioa, ampeleke mke huyo kwenye hali ya meropsi. Ukiisoma nusu ya kwanza peke yake utaidhani ni amri ya kutenganisha makabila. Nusu ya pili inafichua hofu halisi: mkulima akiolea kwa wafugaji angeweza kuhamia kwao, ambako wajibu ulikuwa mwepesi zaidi, na plau ingebaki bila mtu. Ndoa yenyewe haikuvunjwa. Kilichokatazwa ni mkono wa kazi kupotea.

Jamii ya wafugaji iliitwa katun (msomaji asiichanganye na katuni za magazetini). Katun ilikuwa kundi la kaya zilizohama pamoja, likiongozwa na mkubwa aliyeitwa knez au primićur, na mara nyingi likijulikana kwa jina la mkubwa huyo badala ya jina la mahali. Jambo hili linawasumbua sana wachora ramani. Kijiji unaweza kukitia nukta kwenye karatasi. Katun ya fulani, ambaye mwezi Februari yuko uwandani na mwezi Julai yuko mita 1,800 juu, utaitia wapi? Wafugaji hao walilipa fungu la mifugo yao, walichunga kondoo na farasi wa monasteri, walisindikiza misafara na kubeba chumvi kutoka pwani kwa farasi wao, na walio maskini miongoni mwao walifanyia kazi sufu ya monasteri. Wajibu wa kubeba mizigo ndio ulioleta faida ya kweli kwa watawa. Kondoo unaweza kuwapata mahali pengi, lakini watu wanaojua njia za theluji na walio na farasi wa kutosha hawapatikani kirahisi.

Mwaka wa mfugaji ulikuwa na milango miwili: sikukuu ya Mtakatifu Georgi mwishoni mwa Aprili kwa kalenda ya zamani, na ya Mtakatifu Dimitri mwishoni mwa Oktoba. Kati ya siku hizo makundi yalikuwa juu au njiani kuelekea juu. Nje ya siku hizo yalikuwa kwenye zimište, malisho ya majira ya baridi, mengine yakiwa uwandani karibu na Prizren na mengine mbali hadi Zeta, karibu na bahari. Kodi ya malisho hayo iliitwa travnina, neno lililotokana na trava, yaani nyasi. Vifungu vya mwaka 1354 vinaiweka wazi: katika farasi majike mia, mmoja; katika kondoo mia, mmoja pamoja na mwanawe; katika ng'ombe mia, mmoja. Kondoo akisindikizwa na mwanakondoo wake, mtoza kodi anapata jike lililothibitika kuzaa, tena lenye maziwa. Hapo mwenye kundi hapati nafasi ya kumtoa kondoo mzee aliyeishiwa meno.

Tukirudi kwenye swali la kugawa mlima: mlima uligawiwa kwa majira kuliko kwa uzio. Eneo lile lile la nyasi lingeweza kuwa la katun ya monasteri mwezi Juni, likapitiwa na kundi la bwana mwingine mwezi Septemba, na likawa halina mtu mwezi Desemba. Kwa hiyo ugomvi ulizuka njiani kuliko juu kileleni. Sheria ya Dušan ina kifungu ambacho nadhani kiliandikwa na mtu aliyewahi kusikiliza kesi za namna hiyo mpaka akachoka. Kinasema kwamba pale ambapo Mvlahi au Mwalbania amepiga kambi kwenye ardhi ya kijiji akiwa safarini, mwingine anayemfuata asipige kambi kwenye kijiji hicho hicho. Akilazimisha, alipe faini pamoja na thamani ya kile ambacho mifugo yake imekula. Fikiria kijiji cha kaya 30 kando ya njia mwezi Mei, shayiri ikiwa changa, na kundi la kwanza limelala hapo usiku mmoja. Wanakijiji wamevumilia. Kundi la pili likifika kesho yake, hakuna tena ukingo wa shamba wala majani ya kando ya mto. Tena faini ya uharibifu wa namna hiyo, iliyoitwa potka, ilikuwa perper 50 ugomvi ukiwa kati ya vijiji, lakini 100 ukiwa wa Wavlahi na Waalbania. Baadhi ya waandishi huona tofauti hiyo kuwa chuki tu dhidi ya wafugaji. Mimi naiona pia kuwa hesabu: kundi lililo safarini huharibu mengi kwa usiku mmoja, na asubuhi limeshakwenda, mlalamikaji hana wa kumdai.

Vijiji navyo vilikuwa na utaratibu wao wa kushirikiana. Sheria ilitaka vijiji vya župa moja vilishe pamoja, penye kupita kimoja na kingine kipite, isipokuwa kwenye zabeli na majani ya kukata yaliyotambuliwa kisheria; lakini župa moja haikuruhusiwa kulisha ndani ya župa nyingine. Zabeli ilikuwa msitu au malisho yaliyotengwa, na monasteri zilikuwa nazo. Mtu angeniuliza ni kitu gani watawa walikilinda kwa wivu kuliko vyote, ningejibu zabeli, kwa maana ndipo palipokuwa na kuni, mbao na malisho ya akiba ya wakati mgumu. Mipaka iliandikwa kwa alama ambazo mwenyeji alizijua kwa miguu: kutoka mto hadi mwaloni uliochanjwa msalaba, kutoka mwaloni hadi jiwe kubwa, kisha kuufuata ukingo wa mlima. Pale mpaka ulipokuwa juu ya mgongo wa mlima, waandishi walikuwa na kipimo kizuri mno, nacho ni upande ambao jiwe likiachiliwa litaviringikia: likishuka huku ni letu, likishuka kule ni lao. Hakuna mpimaji wa ardhi aliyehitajika.

Kuhusu swali kwamba milima ilikuwa pori tupu, jibu langu ni hapana, ingawa hati zinaweza kumdanganya msomaji. Hati ya monasteri ni orodha ya wale wanaowiwa kitu. Mtu asiyewiwa na monasteri haonekani humo, hata kama moshi wake ulionekana kutoka mlangoni mwa kanisa. Vijiji vya Sredska na Sirinić havikuanzishwa siku mfalme alipotia saini; vingi vinatajwa kwa njia inayoonyesha kwamba vilikuwa na mipaka ya zamani inayojulikana na wazee. Kilichobadilika ni kwamba kodi na kazi zilizokuwa za mtawala zilihamia kwa monasteri, na watu wa kanisa wakasamehewa shughuli za dola. Kwa mantiki ya waqfu msomaji wetu ataelewa upesi: ardhi na mapato yake yamewekwa kwa ajili ya Mungu na hayarudi kwa aliyeyatoa.

Lakini ardhi mpya nayo ilifunguliwa, na si mara zote kwa ridhaa ya wakubwa. Wachimba madini wa Kijerumani, walioitwa Sasi, walikuwa wameingia Serbia katikati ya karne ya 13, na tanuri zao zilikula misitu bila huruma. Palipokatwa miti palifaa kulimwa, wakawaweka watu hapo. Dušan akaamuru kwamba walichokwisha kukata wabaki nacho, lakini tangu sasa wasikate tena, wala walichokata wasikilime, wala wasiweke watu; pabaki patupu ili gora iote upya. Gora kwa Kiserbia ni msitu, na ni mlima pia. Kwa hiyo katika nchi ile ile tunakuta mtawala anayegawa vijiji kwa ukarimu, na papo hapo anaamuru sehemu za mlima zibaki bila mtu. Hilo halinishangazi. Watu waliotawanyika msituni ni watu walioponyoka mikononi mwa bwana fulani, na suala la kuponyoka liliwasumbua watawala tangu mwanzo: hati ile ya 1198 tayari inasema kwamba mtu wa monasteri au Mvlahi akikimbilia kwa mkuu wa nchi arudishwe, na wa mkuu akikimbilia kwa watawa naye arudishwe.

Je, wafugaji walifukuzwa? Sijaona hati ya Šar inayoonyesha monasteri ikiwafukuza. Ingekuwa kama kuchoma ghala lako mwenyewe. Lililotokea ni la polepole zaidi. Baadhi ya kaya za katun zilianza kupanda shayiri karibu na mazizi, wazee na watoto wakabaki huko majira ya baridi, na baada ya vizazi viwili au vitatu palipokuwa kambi pakawa kijiji chenye kanisa dogo. Sheria ya Dušan ilitaka padri wa kijiji asiye na ardhi ya urithi apewe mashamba matatu, na kanisa la namna hiyo likishasimama, ni vigumu jamii yote kuhama tena. Mahali pengi Balkani pana majina kama Katun na Vlahi ambako leo hakuna anayehama na kondoo, na eneo zima la milima magharibi mwa Serbia huitwa Stari Vlah hadi leo. Uwanda ulio chini ya Prizren nao Waserbia huuita Metohija, kutoka neno la Kigiriki metohion, ardhi ya monasteri, ingawa Waalbania huuita Dukagjin na suala la jina hilo limekuwa la kisiasa kiasi kwamba nisingependa kulifungua hapa.

Dušan alifariki mwaka 1355 akazikwa katika kanisa lake la korongoni. Waosmani waliichukua Prizren mwaka 1455, na mwaka huo huo makarani wao waliandika daftari la nchi jirani ya akina Branković, ukoo wa makabaila wa Serbia, kijiji kwa kijiji na kaya kwa kaya, kwa uangalifu ambao wanahistoria bado wanaushukuru. Monasteri ya Malaika Wakuu ilibomoka, na mawe yake mengi yalitumika kuujenga msikiti wa Sinan Pasha mjini Prizren mwaka 1615. Misingi iliyobaki ilifukuliwa mwaka 1927. Wavlahi, kwa upande wao, Waosmani waliwahitaji kwa sababu zile zile walizowahitajia watawa: walijua njia, walikuwa na farasi, na waliweza kulinda mipaka. Mahali pengi walitozwa filuri, sarafu moja ya dhahabu kwa kila kaya kwa mwaka, na tarehe ya kuilipa ikawekwa siku ya Mtakatifu Georgi, kabla makundi hayajapanda.